Palmitati imeua seli zangu za moyo, DHA haikuziua. Kwa nini?

Swali: Naotesha seli za moyo za panya wachanga. Niliweka palmitati (asidi ya mafuta iliyoshiba) ya mikromola 500. Kesho yake zilikuwa zimejikunyata na kubanduka kwenye sahani. Mwenzangu aliweka DHA (asidi ya omega-3 ya mafuta ya samaki), zake zikapiga polepole tu. Si zote ni asidi za mafuta?

Jibu: Kabla ya kuilaumu palmitati, niambie uliweka albumini (protini inayobeba asidi za mafuta) kiasi gani. Palmitati haiyeyuki kwenye maji, na huganda chini ya nyuzi 63 hivi. Ndiyo maana tunaiyeyusha na hidroksidi ya sodiamu kwenye nyuzi 70, kisha tunaimimina upesi kwenye albumini ya nyuzi 37. Ukichelewa, utaona chembe nyeupe kwenye ncha ya pipeti, na hapo hujui tena umezipa seli nini. Mikromola 500 juu ya albumini ya 250 ni molekuli mbili za palmitati kwa moja ya albumini. Juu ya albumini ya 83 ni sita kwa moja. Namba kwenye daftari ni ileile, lakini kiasi kilicho huru, kisichoshikwa na albumini na kinachoigusa seli, kinapishana mno. Na sahani ya kulinganisha, yenye albumini bila palmitati, ulikuwa nayo?

Tuseme uwiano wako ni mzuri. Seli za panya mchanga bado hutegemea sana glukosi, hivyo palmitati huingia nyingi kuliko inavyochomwa. Sehemu ya ziada hugeuka keramidi (mafuta yanayoidhuru seli yakizidi), na seli hujiua. Jaribu kuchanganya na oleati (asidi iliyo nyingi kwenye mafuta ya zeituni): palmitati itaelekezwa kwenye trigliseridi, yaani mafuta ya akiba, na kwa hadubini utaona vitone vya mafuta ndani ya seli zinazoendelea kupiga. Wengi huvichukia vitone hivyo. Kwangu mimi ni ghala.

DHA ya mwenzako ni habari nyingine. Miaka ya 1990 huko Marekani, watafiti Alexander Leaf na Jing Kang walivuruga mapigo ya seli kama zako kwa wabaini (ndiyo, sumu ya mishale ya msunguti). Mikromola 5 hadi 10 za EPA (omega-3 nyingine) au DHA zikazituliza. Walipoziosha kwa albumini isiyo na mafuta, vurugu ikarudi. Kumbe asidi zilikuwa zimejishikiza tu kwenye utando wa seli, zikipunguza mkondo wa sodiamu na wa kalsiamu. Mwambie mwenzako aoshe hivyohivyo: mapigo yakirudi kasi ya awali, seli zake hazijadhurika.