Maswali ya Wasomaji: Msamiati wa SEO Kabla ya Kulipa Ankara

SWALI: Ndugu Mhariri, nina kampuni ndogo ya kuongoza watalii hapa Arusha. Kijana mmoja anayejitambulisha kuwa mtaalamu wa SEO ameniletea kotesheni yenye mistari minne: kupandisha DA hadi 40, bakilinki 500 kwa mwezi, kuweka meta kiwodi katika kurasa zote, na nafasi ya kwanza kwenye Google ndani ya siku 30. Sitaki kumwita tapeli, ila sitaki pia kulipia nisichokielewa. Maneno haya yana maana gani?
*Mwenye kampuni ya utalii, Arusha*

JIBU: SEO ni jumla ya kazi zinazofanywa ili kurasa za tovuti zionekane katika majibu ya kawaida ya Google, Bing na injini nyingine za utafutaji, yaani majibu yasiyo matangazo ya kulipia. Unapokutana na neno lolote la fani hii, jiulize kwanza kama linataja jambo ambalo injini yenyewe hulifanya, au linataja kipimo kilichobuniwa na kampuni inayowauzia wataalamu zana zao. Kotesheni yako imechanganya yote mawili.

DA ni kipimo cha Moz, kampuni ya Marekani inayouza zana za SEO. Huipa tovuti alama kati ya 1 na 100 kwa kukadiria uwezo wake wa kushindana katika majibu ya utafutaji, ikitazama hasa viungo vinavyoielekea. Ahrefs wana kipimo chao kiitwacho DR, na Semrush nao wana chao. Google haitumii hata kimoja. Sisemi kwamba alama hizo hazina kazi, kwa sababu ukitaka kujilinganisha haraka na mshindani zinaweza kukupa picha. Lakini anayekuahidi kupandisha DA anakuahidi kupandisha namba iliyo katika hesabu za Moz, na namba hiyo huweza kupanda kwa viungo vya hovyo bila simu yako kuita hata mara moja.

Bakilinki, kwa upande wake, ni jambo la kweli: ni kiungo kilichowekwa katika tovuti ya mtu mwingine kinachomleta msomaji kwako. Larry Page na Sergey Brin, waanzilishi wa Google, walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford katika miaka ya 1990, walibuni hesabu ya PageRank, ambayo huupa uzito ukurasa unaoelekezwa viungo na kurasa nyingi, hasa zile ambazo zenyewe zinaelekezwa viungo vingi. Hata maneno yanayobeba kiungo yana nguvu yake. Mwaka 2003 watu wengi waliyaunganisha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kushindwa vibaya na ukurasa wa wasifu wa Rais George W. Bush katika tovuti ya Ikulu ya Marekani, na Google ikauweka juu ukurasa ambao maneno hayo hayakuwamo kabisa. Kasoro hiyo ilishughulikiwa mwanzoni mwa 2007.

Kwa kuwa viungo vina thamani, biashara ya kuviuza haikukawia kuzaliwa. Aprili 2012 Google ilitoa mfumo ulioitwa Penguin kwa ajili ya kupambana na viungo vya hila, na tangu 2016 mfumo huo ni sehemu ya kudumu ya injini, ambayo mara nyingi huvipuuza tu viungo hivyo. Basi viungo 500 kwa mwezi, ambavyo hakuna mtu wa kawaida anayeweza kuvipata kwa njia ya halali, vitakuwa fedha iliyotupwa, na mambo yakiharibika zaidi vitakuletea adhabu. Kiungo kimoja kutoka hoteli ya Karatu mnayoshirikiana nayo, au kutoka gazeti lililoandika habari za safari zenu, kina maana kuliko vyote hivyo. Ukilipia tangazo lenye kiungo katika tovuti ya mtu, mwambie akiwekee alama ya "sponsored", iliyoanzishwa na Google mwaka 2019, au ile kongwe ya "nofollow" ya mwaka 2005, ili injini ijue kwamba kiungo hicho kimenunuliwa.

Mstari wa tatu ufute. Meta kiwodi ni orodha ya maneno inayofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa, na Google ilitangaza Septemba 2009 kwamba haiitumii katika kupanga majibu. Usiichanganye na kichwa cha ukurasa, ambacho ndicho kwa kawaida huonekana kama mstari wa kubofya katika majibu na kina uzito mkubwa. Nimeona tovuti za utalii ambazo kila ukurasa wake una kichwa kimoja tu, "Karibu". Ukurasa ulioitwa "Safari ya siku 3 Tarangire na Ngorongoro kutoka Arusha" unamweleza mtalii na injini kilichomo kabla haujafunguliwa. Maelezo mafupi yanayokaa chini ya kichwa hayapandishi nafasi, lakini humshawishi mtu abofye, ingawa Google mara nyingi huyaandika upya kwa kuchota maneno ndani ya ukurasa.

Kuhusu nafasi ya kwanza ndani ya siku 30, Google yenyewe huwaonya wenye tovuti wajihadhari na anayetoa dhamana ya aina hiyo, na maelekezo yake husema kwamba matokeo ya kazi ya SEO kwa kawaida huchukua miezi minne hadi mwaka mzima. Mwombe kijana wako aandike kotesheni upya, akitaja kurasa atakazozishughulikia na atakachobadilisha katika kila mmoja.

SWALI: Bwana Mhariri, mimi huunda na kuuza samani hapa Mombasa. Fundi wangu amenijengea tovuti mpya iliyo nzuri kuliko ya zamani, lakini tangu tuhamie mwezi uliopita hatuonekani tena kwenye Google. Anasema huenda ni mambo ya kroling au indeksi. Nimwulize nini?
*Mwenye karakana, Mombasa*

JIBU: Kroling ni ile hatua ambapo roboti ya injini, kama Googlebot, hufuata viungo na kusoma kurasa, indeksi ni hazina ambamo kurasa zilizosomwa huhifadhiwa. Upangaji wa majibu hufanywa kutoka katika hazina hiyo, kwa hiyo ukurasa usiomo humo hauonekani hata uwe mzuri namna gani. Andika katika Google "site:" na, bila kuacha nafasi, anwani ya tovuti yako, uone kama kuna ukurasa wowote unaotokea. Jibu la uhakika zaidi utalipata katika Google Search Console, huduma isiyolipiwa, kwa kukagua anwani moja moja.

Usipoona chochote, swali la kwanza kwa fundi ni kama ameondoa amri ya "noindex", inayoiambia injini isiuweke ukurasa katika indeksi. Katika WordPress, programu ya kujengea tovuti, sehemu ya mipangilio ya usomaji ina kisanduku kimoja cha kuziomba injini zisiiweke tovuti katika indeksi. Mafundi hukitia alama wakati wa ujenzi ili kazi isionekane kabla haijakamilika, kisha husahau kukiondolea alama siku ya uzinduzi. Ni kosa la kawaida mno, na kulirekebisha ni suala la dakika moja. Kisha akague faili ya robots.txt, ambayo utaratibu wake ulipendekezwa na Martijn Koster mwaka 1994. Faili hiyo huizuia roboti isisome ukurasa, lakini haiuondoi ukurasa katika indeksi. Tena, roboti iliyozuiwa mlangoni haiwezi kuiona "noindex" iliyoandikwa ndani, ndiyo maana anayezitumia zote mbili kwa pamoja huambulia matokeo asiyoyatarajia.

Ikiwa anwani za zamani bado zinaonekana lakini zikibofywa zinatoa 404, yaani ukurasa haupo, basi uhamisho haukukamilika. Kila anwani ya zamani ielekezwe kwa 301, ambayo ni taarifa ya kuhama kwa kudumu, kwenye ukurasa mpya unaolingana nayo, kabati kwa kabati na kitanda kwa kitanda. 302 ni ya kuhama kwa muda tu. Asizielekeze zote kwenye ukurasa wa mwanzo, kama wafanyavyo wavivu, kwa sababu Google huweza kuzihesabu kuwa kurasa zilizopotea. Maelekezo hayo yaachwe yakifanya kazi kwa angalau mwaka mmoja.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninauza vifaranga na kuandika makala za ufugaji kwa Kiswahili. Zana ya kutafuta maneno muhimu inaniambia kwamba maneno yangu mengi hutafutwa mara sifuri. Nihamie Kiingereza?
*Mfugaji, Morogoro*

JIBU: Usihame. Sifuri ya zana ni makadirio ya muuza zana, na kwa Kiswahili makadirio hayo mara nyingi ni dhaifu. Fungua ripoti ya utendaji katika Search Console, uone maneno ambayo watu waliyaandika kweli hadi kurasa zako zikajitokeza. Kumbukumbu hizo hurudi nyuma hadi miezi 16. Humo utakuta impresheni, yaani idadi ya mara ambazo ukurasa wako umetokea katika majibu, idadi ya mibofyo, na CTR, ambayo ni mibofyo kwa asilimia ya impresheni: ukitokea mara 1,000 na kubofywa mara 20, CTR yako ni asilimia 2.

Neno "kuku" peke yake halikufai, kwa maana huwezi kujua kama anayeliandika anataka mapishi, picha au chanjo. Anayeandika "chanjo ya mdondo kwa vifaranga hutolewa siku ya ngapi" amekwisha kukueleza shida yake yote, na hicho ndicho wataalamu hukiita nia ya mtafutaji. Watu wa namna hiyo ni wachache kwa kila swali, lakini wanapofika hununua. Mwandikie ukurasa unaojibu swali hilo katika aya ya kwanza, na utumie maneno ya wafugaji wenyewe, yaani mdondo na kideri pia, kwa sababu wapo wanaotumia jina hili na wapo wanaotumia lile.

SWALI: Tovuti yetu imeshuka ghafla. Tunajuaje kama Google imetuadhibu?
*Msomaji, Nairobi*

JIBU: Adhabu inayotolewa na mfanyakazi wa Google huandikwa waziwazi katika Search Console, kwenye sehemu ya hatua za mikono, pamoja na sababu yake. Februari 2006 tovuti ya BMW ya Ujerumani iliondolewa katika indeksi kwa kuionyesha roboti kurasa zilizojazwa maneno ambazo wasomaji hawakuzifikia, ikarudishwa baada ya kuzitoa. Ninyi, mkikuta adhabu, rekebisheni kosa lenyewe kisha mwombe kufikiriwa upya katika sehemu hiyohiyo. Msipokuta kitu, linganisheni tarehe ya kushuka na tarehe za masasisho makuu ya mfumo wa kupanga majibu, ambazo Google huzitangaza mara kadhaa kwa mwaka. Zikilingana, hakuna fomu ya rufaa ya kujaza, na kazi iliyobaki ni kuzipitia kurasa zilizopoteza wasomaji wengi zaidi, mkizilinganisha na zile zilizochukua nafasi yake.