Paneli ishirini hazibebi shawa ya alfajiri

SWALI: Mhandisi, sisi ni wanafunzi wanne wa usanifu majengo, Kisumu. Mradi wetu ni nyumba ya vyumba vitatu vya kulala huko Mamboleo, ya watu watano, ambayo kwa mwaka mzima inatakiwa kuzalisha kwa sola kawi yote inayotumia. Tumeweka paneli 12 za wati 450, viyoyozi viwili, shawa mbili za stima na jiko la gesi. Fundi ametwambia tufikishe paneli 20 na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe stima ya nyumbani) ya kilowati 12, la sivyo shawa zitauangusha mfumo. Je, paa litatosha?

JIBU: Litatosha. Paneli 20 za ukubwa huo huchukua kama mita 43 za mraba. Lakini ushauri huo wa "mzigo ukizidi, ongeza paneli" ndio unaoharibu nyumba nyingi za sola ninazoziona, na nyinyi mmeupokea bila kuuhoji.

Shawa ya kilowati 5, watu watano, dakika 10 kila mmoja: hizo ni uniti 4 na ushei kwa siku (uniti moja ni kilowati moja ikitumika kwa saa moja). Paneli zenu 12 zinaweza kuzizalisha kabla ya saa sita mchana. Tatizo ni saa mnayoihitaji. Saa kumi na moja unusu alfajiri, mtu anapojiandaa kwenda kazini, paneli 12 hazitoi kitu, na paneli 20 hazitoi kitu vilevile. Wakati huo mzigo wote uko kwa betri na inveta. Betri ya lithiamu ya volti 51.2, ampia-saa 100, ina uniti 5 hivi, na nyingi za ukubwa huo huruhusu ampia 50 hadi 100 tu zitoke kwa mara moja, yaani kilowati 2.5 hadi 5. Washa shawa mbili, betri itajizima ili kujilinda na nyumba yote itaingia giza. Inveta ya kilowati 12 haibadilishi hilo. Mtalazimika kununua betri tatu au nne kwa ajili ya nusu saa ya maji moto.

Ondoeni shawa hizo. Wekeni hita ya maji ya jua ya lita 200 juu ya paa, lita 40 kwa kila mtu, na bomba la maji moto livikwe sponji hadi bafuni. Viyoyozi navyo, kilowati 1.1 kila kimoja kwa saa 7, vinakula uniti 15 kwa siku, zaidi ya vitu vingine vyote pamoja. Nyinyi ni wasanifu. Joto la Kisumu ni kazi yenu kabla halijawa kazi ya stima. Karibu na ikweta jua la asubuhi na la jioni ndilo linalopiga ukuta, kwa hiyo kuta fupi ziangalie mashariki na magharibi, zisiwe na madirisha makubwa. Ukingo wa paa utokeze sentimita 90. Bati liwe la rangi nyeupe au ya krimu, chini yake foili yenye nafasi ya hewa, kisha dari, na matundu ya kutolea joto kileleni. Madirisha yaelekeane ili upepo wa ziwa wa alasiri upite. Baada ya hapo, feni mbili za wati 50 zinatosha. (Wenzenu wa Nakuru, mita 1,850 juu ya bahari, hawana haja ya kiyoyozi, ila hita ya maji wanaihitaji zaidi yenu.)

Na gesi? Mmeiacha nje ya hesabu. Nyumba inayopika kwa mtungi haijajitosheleza kwa kawi. Badala yake tumieni sufuria ya presha ya stima na jiko la stima la indakshoni; kwa watu watano, wekeni uniti 2.5 kwa siku.

Sasa hesabuni upya: taa 10 za wati 9 kwa saa 5, uniti 0.45, friji 1.2, televisheni, kompyuta, simu na ruta 0.95, pampu na pasi 0.9, feni 0.8, kupika 2.5. Jumla 6.8. Ongezeni asilimia 15, mnapata karibu 8. Kisumu hupata kama saa 5.5 za jua kamili kwa siku, yaani jua la siku nzima likijumlishwa ni sawa na saa 5.5 za jua kali la adhuhuri. Mkitoa hasara za joto, vumbi, waya na inveta, kila kilowati ya paneli huwapa uniti 4 hivi. Paneli 6, kilowati 2.7, zitatoa kama uniti 11. Mnabaki na ziada ya siku za mawingu. Zilazeni kwa digrii 10 hadi 15 ili mvua iyaoshe mavumbi, na ziinuliwe sentimita 10 juu ya bati, maana paneli ikifika joto la digrii 60 hupoteza zaidi ya asilimia 10 ya nguvu yake. Pikeni maharagwe mchana, betri ya uniti 5 isichoshwe usiku.

Msirudishe ziada kwenye laini ya Kenya Power bila mkataba na mita ya njia mbili. Baadhi ya mita za tokeni huhesabu stima inayotoka kana kwamba imeingia, na tokeni zinaisha.

Mwisho, kwa yeyote anayejenga. Fundi anayeuliza "nyumba ina vyumba vingapi?" kisha anataja bei, mwacheni. Mita moja ya mraba ya paneli nzuri hutoa wati 200 hadi 230. Paneli ya sentimita 120 kwa 54 iliyoandikwa wati 300 ni uongo, ipimeni kwa futi hapo dukani. Betri ya gari haikutengenezwa kutolewa chaji hadi nusu kila usiku, itakufa mapema. Paneli 6 zikiunganishwa mfululizo zina karibu volti 300 za DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri), na breka ya AC, ile ya stima ya kawaida ya nyumbani, haiwezi kuzima cheche za umeme huo: huendelea kuwaka hadi kisanduku kiyeyuke. Dai breka ya DC, kizuizi cha radi pande zote mbili za inveta, na waya wa athi uliofungwa kwenye fimbo ya shaba ardhini, hasa huku magharibi ambako radi hupiga mara kwa mara. Kwa mfumo uliounganishwa na stima ya Kenya Power, fundi awe na leseni ya daraja T3 kutoka EPRA, mamlaka ya kusimamia kawi Kenya. Aioneshe kabla hajapanda paa.