Baraka si ndoa, ndugu yangu

Ndugu yangu, umeandika kwamba Papa Fransisko alihalalisha ndoa za jinsia moja na kuwa mapadre wetu hapa Kampala watalazimika kuzifungisha. Hapana. Waraka wa Vatikani uitwao Fiducia Supplicans, wa 18 Desemba 2023, ulimruhusu padre kuwaombea baraka wapenzi wawili wa jinsia moja kwa sala fupi tu, isiyo ya liturujia (ibada rasmi) wala kufanana na harusi. Mafundisho ya ndoa hayakuguswa. Na Januari 2024 maaskofu Wakatoliki wa Afrika, kupitia Kardinali Ambongo, walisema huku Afrika hata baraka hiyo haitatolewa.

Kwa Waanglikana, Sinodi (baraza kuu) ya Kanisa la Uingereza ilikubali sala za baraka kwa wapenzi hao Februari 2023. Askofu Mkuu Kaziimba wa Kanisa la Uganda, la Kianglikana, akazikataa waziwazi.

Kinachoniuma ni kwamba tunagombana juu ya harusi ambayo haipo, na huku sheria yetu ya 2023 dhidi ya mapenzi ya jinsia moja ina kifungo cha maisha, na kwa makosa fulani kifo. Askofu Senyonjo alizuiwa kuhudumu na Kanisa la Uganda kwa sababu aliwasikiliza na kuwatetea watu hawa. Kijana wa jumuiya yenu akimwendea padre analia, tafadhali, mwacheni aombewe.