Maswali ya Wasomaji: Vikombe Vitatu vya Kahawa Kabla ya Mbio

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninafanya kazi bandarini hapa Tanga, nina umri wa miaka 38 na uzito wa kilo 64, na mwakani natarajia kukimbia kilomita 21 katika Kilimanjaro Marathon. Wenzangu wa kikundi cha mbio wananishauri ninywe vikombe vitatu vya kahawa chungu kabla ya kuanza, kwa kuwa eti mwili unakuwa mwepesi. Je, kuna ukweli wowote, au ni maneno ya barazani? Na kwa nini viwe vitatu?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Wenzako hawajakudanganya, ila hiyo tatu wameiokota tu, na ndiyo itakayotuchukulia muda.

Kafeini, kemikali inayopatikana katika kahawa, chai na baadhi ya soda, ni miongoni mwa vitu vichache wanavyouziwa wanamichezo ambavyo ushahidi wake umesimama kwa miongo kadhaa. Mwaka 1978 David Costill na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ball State, Marekani, waliwapa waendesha baiskeli tisa wa mashindano kahawa yenye miligramu 330 za kafeini saa moja kabla ya zoezi, na siku nyingine wakawapa kahawa iliyoondolewa kafeini. Siku ya kafeini waliendesha kwa wastani wa dakika 90.2 kabla ya kuishiwa kabisa. Siku ile nyingine, dakika 75.5.

Costill alidhani kwamba kafeini huufanya mwili uchome mafuta zaidi na kuitunza sukari iliyohifadhiwa katika misuli. Siku hizi wataalamu wengi wanaitafuta sababu kichwani. Unapofanya kazi, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya katika ubongo na kukaa kwenye vipokezi vyake, yaani viti vidogo vya kuipokea, na hapo ndipo unapoanza kuusikia uchovu. Kafeini ina umbo linalofanana na la adenosini, kwa hiyo hukiwahi kile kiti na kukikalia kimya. Adenosini ikifika inakuta pamejaa. Kahawa basi haikupi nguvu kama ugali unavyokupa. Inaichelewesha tu habari ya uchovu, nawe unakimbia kwa kasi ileile huku ukiiona kazi kuwa nyepesi kidogo. Huo ndio wepesi wanaouzungumzia wenzako, na wameuita kwa jina linalofaa.

Sasa tuje kwenye kipimo. Tafiti nyingi zilizoona manufaa zilitumia kati ya miligramu 3 na 6 za kafeini kwa kila kilo ya uzito, ingawa kwa baadhi ya watu hata 2 hutosha. Ukifika 9 huongezi kasi yoyote; unaongeza mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio na tumbo kuvurugika. Kwa kilo zako 64, miligramu 3 kwa kilo ni kama 190 kwa jumla.

Je, vikombe vitatu vinafika huko? Swali lako lilinifanya niazime kikombe kwa muuza kahawa wa mtaani kwetu na kukijaza maji kwa bomba la sindano la mililita 10. Nilimimina mara tano, na kikombe kilipojaa hadi ukingoni kilikuwa kimepokea mililita 50 na matone machache. Mwenyewe aliniambia kwamba dele lake la lita 2 hulitilia gramu 100 hivi za unga, yaani kila kikombe kinatokana na gramu 2.5 za kahawa. Hapa ndipo aina ya kahawa inapoingia. Arabika, ile ya Kilimanjaro na Mbinga, ina kafeini ya takriban asilimia 1.2 ya uzito wake. Robusta ya Kagera inakaribia mara mbili ya hiyo. Vikombe vitatu vya arabika vitakupa miligramu 90 hivi, na vya robusta kama 160. Vya kwanza ni kidogo kwa mtu wa kilo 64, vya pili vinakaribia kiwango. Kwa hiyo tatu ya wenzako inaweza kuwa sahihi au isiwe, kutegemea gunia lililofunguliwa wiki hiyo. (Wahaya, ambao tangu zamani huchemsha matunda ya robusta, huyakausha na kumkaribisha mgeni ayatafune, wangetushangaa kwa hesabu zote hizi.)

Kuhusu muda, kafeini hufika kilele chake katika damu kati ya dakika 30 na 60 baada ya kunywa. Ikiwa mbio zinaanza saa 12:30 asubuhi, maliza kikombe cha mwisho kabla ya saa 11:45. Muuza kahawa anayepita baada ya swala ya alfajiri huenda asikufae siku hiyo, basi beba chupa yako ya chai yenye kahawa uliyoipika mwenyewe.

Faida utakayoipata, mambo yakienda vizuri, ni ya asilimia 2 hadi 4 katika mazoezi ya kustahimili, kama yalivyopimwa kwa wanamichezo waliofanya mazoezi ya kutosha. Kwa anayekimbia kilomita 21 kwa saa 1 na dakika 50, asilimia 2 ni kama dakika mbili. Si haba, lakini haiwezi kulipia wiki za mazoezi ulizozikosa. Tena sehemu ya faida hiyo ni imani. Mwaka 2006 watafiti wa Uingereza waliwapa waendesha baiskeli vidonge visivyo na kitu ndani, huku wakiwaambia kwamba mara hii ni kafeini kidogo, mara hii ni nyingi, mara hii hakuna. Walioamini wamepewa nyingi walisukuma pedali kwa nguvu zaidi kwa asilimia 3.1; walipoamini hawakupewa, nguvu ilishuka.

Jambo la mwisho nalisema kwa kuwa limenipata. Usijaribu kahawa kwa mara ya kwanza siku ya mashindano. Kahawa huamsha utumbo, nami niliwahi kujifunza hilo katika kilomita ya nane ya mbio za kumi, sehemu isiyokuwa na choo wala kichaka. Ijaribu katika mbio zako ndefu za Jumamosi, angalau mara tatu, kwa kipimo kilekile na chakula kilekile. Ukiona moyo unadunda bila mpangilio, au kama una shinikizo la damu, muone daktari kwanza.

SWALI: Hujambo mwalimu. Mimi ni mwanariadha wa mita 10,000 kutoka Eldoret. Kocha wetu ametukataza chai siku ya mashindano kwa sababu mbili: kwamba inakausha maji mwilini, na kwamba tukipimwa tunaweza kupatikana na dawa za kusisimua misuli. Mimi nimekunywa chai tangu utotoni. Niache?
Msomaji, Eldoret

JIBU: Sijambo, dada. Sababu ya pili ya kocha wako ilikuwa kweli, lakini imepitwa na wakati. Zamani mwanamichezo aliyekutwa na zaidi ya maikrogramu 12 za kafeini katika kila mililita ya mkojo aliadhibiwa. Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli Michezoni, WADA, liliiondoa kafeini katika orodha ya vitu vilivyokatazwa kuanzia tarehe 1 Januari 2004, na tangu hapo inafuatiliwa tu. Cha kuogopa ni vitu vingine. Miraa ina kathinoni, ambayo imekatazwa wakati wa mashindano. Na zile poda za makopo zinazouzwa jimu, zenye ahadi ya kukulipua, huweza kuwa na vichangamsho vilivyokatazwa ambavyo havikuandikwa kwenye lebo. Ukikutwa navyo, wewe ndiye utakayewajibika, hata kama hukujua. Kwa mwanariadha anayepimwa, kikombe cha chai ni salama kuliko kopo lolote la namna hiyo.

Kuhusu kukausha maji, kafeini nyingi humfanya mtu asiyeizoea akojoe zaidi kwa muda, lakini kwa mnywaji wa kila siku athari hiyo hupungua sana. Katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham uliochapishwa mwaka 2014, wanaume 50 waliozoea kahawa walikunywa vikombe vinne kwa siku kwa siku tatu, na kipindi kingine wakanywa maji kwa kiasi hichohicho; vipimo vya maji mwilini havikutofautiana. Zaidi ya hayo, chai yetu ya maziwa nusu kwa nusu ina kafeini kidogo mno, hivyo haiwezi kukukausha, na kusema kweli haitakupa kasi ya maana pia. Kinachoweza kukusumbua ni maziwa yenyewe na sukari, vikiwa bado tumboni wakati bunduki inalia. Kunywa chai yako saa mbili au zaidi kabla ya mbio, na umwambie kocha kwa heshima kwamba orodha ilibadilika.

Wengine huuliza kama mnywaji wa kila siku aache kwa wiki nzima ili kafeini imshike vizuri siku ya mbio. Watafiti wa São Paulo, Brazili, waliwapima waendesha baiskeli 40 mwaka 2017 na kukuta kuwa waliozoea kafeini nyingi walinufaika sawa na wasioizoea. Kuacha ghafla kutakuletea maumivu ya kichwa katika wiki ambayo huyahitaji hata kidogo.

SWALI: Mwanangu ana miaka 16, anacheza kandanda katika timu ya mtaa hapa Mwanza. Kabla ya kila mechi hunywa kopo kubwa la enaji, anasema wachezaji wote hufanya hivyo. Nimkataze?
Mzazi, Mwanza

JIBU: Mkataze, mama, na umweleze sababu, kwani marufuku tupu ataikwepa nyuma ya duka.

Chukua kopo lenyewe na usome nyuma. Vinywaji vingi vya aina hiyo vina miligramu 32 za kafeini kwa kila mililita 100, kwa hiyo kopo la nusu lita lina 160. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilitaja mwaka 2015 kwamba kwa watoto na vijana miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito ndicho kiasi kisichotia wasiwasi, na hicho ni cha siku nzima. Kijana wa kilo 52 hupita hapo kwa kopo moja, kabla ya kuhesabu soda na chai ya jioni. Sukari mara nyingi hufika gramu 11 kwa mililita 100, yaani zaidi ya vijiko 13 vya chai katika kopo hilo. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilisema waziwazi mwaka 2011 kuwa vinywaji hivi havina nafasi katika mlo wa watoto na vijana, nami sioni sababu ya kuwapinga. Mpe ndizi mbili na chupa ya maji. Na kama ataona kizunguzungu au kusikia maumivu ya kifua uwanjani, atoke na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

SWALI: Mimi hufika jimu saa 2 usiku baada ya kazi, nikiwa nimechoka. Kikombe cha kahawa saa 1:30 kina ubaya gani?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Ubaya wake utauona saa 6 usiku. Mwili huchukua takriban saa tano kuondoa nusu ya kafeini, na kwa wanawake wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi muda huo hukaribia kuwa mara mbili. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba miligramu 400 zikinywewa saa sita kabla ya kulala hupunguza usingizi kwa zaidi ya saa moja. Kikombe chako ni kidogo kuliko hicho, lakini unakinywa karibu zaidi na kitanda, na usingizi unaoupoteza ndio uliokuwa ujenge misuli unayoitafuta. Nawa uso, anza taratibu kwa dakika kumi, na kama uchovu haujatoka, rudi nyumbani ukalale. Kahawa iwekee zoezi la Jumamosi asubuhi.