Siku ya taaluma za afya: huyo wakala wa vyuo asikanyage shuleni kwako

Mwalimu wa Ilemela, futa huo mwaliko leo hii. Umeandika kwamba wakala anakuletea soda, fulana na fomu za vyuo vya afya, na kidato cha nne wote watajaza hapo hapo ukumbini. Hapana. Huku kwetu Sengerema pia kuna aliyetuletea soda, na watoto wakajaza.

Jamaa alijua kuongea. Nesi hakosi kazi, tabibu hakosi kazi, hosteli ipo, nafasi zinaisha Ijumaa. Wazazi wakanifuata mimi niliyesimama naye mbele: "Mwalimu, hicho chuo ni cha kweli?" Nikawajibu ndiyo, kwa kuwa cheti cha usajili nilikishika mkononi. Na cheti kilikuwa halali! Chuo kilikuwa na usajili, ila kwa kozi nyingine kabisa. Utabibu waliowauzia watoto wetu haukuwa na ithibati ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati. Mzazi mmoja aliuza mtumbwi na nyavu, sasa anavua kwa kibarua kwenye chombo cha mwenzake. Binti yake alisoma, akavaa koti jeupe, akafanya majaribio yote ya chuoni. Ilipofika mitihani ya wizara, jina halipo. Bila hiyo mitihani hupati stashahada wala AVN, ile namba ya NACTVET ya kuthibitisha stashahada yako; bila AVN huombi digrii kwa njia ya stashahada, na baraza la taaluma halitakusajili. Ada haikurudi. Wakala simu haipatikani mpaka leo. Alikuwa analipwa kwa kichwa, kama mpiga debe wa stendi ya Buzuruga, tofauti ni kwamba mpiga debe gari lake unaliona.

Kwa hiyo sheria ni moja, na mkitaka niiteni mnoko: jina la chuo lisitamkwe mbele ya wanafunzi kabla hujafungua mwongozo wa udahili wa NACTVET wa mwaka huo huo ukaikuta KOZI yenyewe. Usiishie kwenye jina la chuo. Kwa digrii fungua wa TCU, tume ya vyuo vikuu. Yote ipo mtandaoni, unapakua bure. Humo humo utaona sifa: stashahada ya utabibu inataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, Kemia, Baiolojia na Fizikia yakiwemo. D inatosha. Yule wakala aliwaambia wenye F ya Fizikia "tutaangalia namna". Hakuna namna! Chuo kinachoangalia namna kitamwacha mtoto njia panda na ada mmeshalipa.

Wageni waite wanaofanya kazi yenyewe, na wasiwe madaktari watupu. Watoto wa mwambao huu wanakijua kichocho tangu wadogo, lakini wengi hawajawahi kuonana na mtu wa maabara anayeyatafuta mayai yake kwenye darubini. Huyo mlete. Mlete na wa mionzi, na mfamasia. Awepo pia wa kuwaambia ukweli kwamba udaktari ni miaka 5 ya darasani na wodini, kisha mwaka 1 wa mafunzo kazini, ili anayechagua PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) ajue anakokwenda.

Ratiba na usafiri wa kwenda hospitali ya Bugando wengine humu watakusaidia. Wewe kwanza pakua mwongozo, chapisha kurasa za vyuo vya Mwanza, bandika kwenye ubao wa matangazo. Wakala akikuuliza kwa nini umemfutia, mwambie akuonyeshe kozi yake iko ukurasa wa ngapi.