Kufunga plasta kisigino kinapouma: ninavyofanya kabla ya kwenda darasani

Kama kisigino kinauma vibaya unaposhuka kitandani asubuhi, maumivu yakapungua ukishatembea kidogo, halafu yakarudi jioni baada ya kusimama kutwa, huenda una tatizo lililonisumbua mimi: planta fasiaitisi. Chini ya unyayo kuna ukanda mnene wa nyuzi unaotoka kwenye mfupa wa kisigino hadi kwenye mashina ya vidole. Ukielemewa muda mrefu, huanza kuuma pale unaposhikana na kisigino. Walimu tunaosimama kwenye sakafu ya saruji tunaujua uchungu wake, na wauguzi, walinzi na wauza duka vilevile.

Kilichoniwezesha kumaliza vipindi ni plasta. Mtaalamu wa fiziotherapia alinionyesha, na sasa najifunga mwenyewe.

Tafuta plasta nyeupe ya kitambaa, ngumu, isiyovutika, ile wanayofungia vifundo wachezaji wa mpira. Upana wa sentimita 2.5 hadi 4 unafaa. Zipo pia zile za rangi zinazovutika, ila kwa mtu wa kusimama kutwa mimi naona ngumu ndiyo yenye msaada, maana kazi yake ni kuzuia upinde wa unyayo usilale kila unapokanyaga.

Osha mguu, uukaushe kabisa, na usipake mafuta. Kaa, kifundo kikiwa kimekunjwa kama vile umesimama. Kipande cha kwanza kianzie ubavu wa nje, nyuma kidogo ya kidole cha mwisho, kizunguke nyuma ya kisigino, kije kuishia ubavu wa ndani, kwenye shina la kidole gumba. Kabla hujabandika ncha hiyo, sukuma shina la kidole gumba chini kidogo. Ongeza kipande kingine juu yake. Kisha kata vipande vifupi vya kukatiza unyayo: anzia nje, pitisha chini, vuta kuelekea ndani huku ukiunyanyua upinde, bandika. Kila kimoja kifunike nusu ya mwenzake, kutoka kisigino mpaka katikati ya unyayo. Malizia kwa kipande kirefu kama cha kwanza ili kishike ncha zote. Juu ya mguu pabaki wazi. Usiuzungushie mguu mzima. Vidole vikifa ganzi au vikibadilika rangi, bandua hapohapo.

Mimi siiachi zaidi ya siku mbili, na ikilowa naitoa. Wakati wa kuitoa, mafuta kidogo ya nazi pembeni hulainisha gundi, ngozi isichubuke. Ikianza kuwasha, ipumzishe.

Lakini tafadhali usiishie kwenye plasta. Nafuu yake ni ya siku chache, na siku hizo zitumie kunyoosha mguu. Kabla hujakanyaga chini asubuhi, weka mguu unaouma juu ya goti la pili, shika vidole, vivute kuelekea kwenye mundi hadi uhisi unyayo umekaza, hesabu mpaka 10, achia. Rudia mara 10. Ukiwa na kanga karibu, izungushe kwenye unyayo uivute ukiwa umenyoosha goti. Hapo shavu la mguu nalo linanyooka, na likikaza huuelemeza ukanda ule. Kandambili nyembamba za nyumbani ziweke kando, vaa viatu vyenye soli nene hata jikoni. Uponaji huchukua miezi, kwa hiyo usikate tamaa wiki ya pili.

Watu wengi huogopa wakiambiwa picha ya eksirei imeonyesha mwiba kwenye kisigino, yaani kijimfupa kilichochomoza. Wapo wengi wenye mwiba huo wasiosikia maumivu yoyote, na wengi hupona maumivu mwiba ukiwa palepale. Usikimbilie kuwaza upasuaji.

Mwenye kisukari, au asiyehisi vizuri miguuni, asijifunge bila kuonana na daktari, kwa kuwa plasta inaweza kumchubua asijue. Na kama kisigino kimevimba na kuwa chekundu, kinauma usiku ukiwa umelala, una homa, au huwezi kabisa kukikanyagia baada ya kuanguka, nenda hospitali kwanza.