Kuficha bei ya parachichi kwenye blokicheni ya umma

Ndugu yangu wa Tukuyu, nimekuelewa. Mnunuzi wa nje anataka rekodi za maparachichi yako ziwe kwenye blokicheni ya umma, yaani daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi na lililo wazi kwa wote, nawe unaogopa washindani wataona bei unayowalipa wakulima. Una haki ya kuogopa. Kwenye Ethereum, mojawapo ya blokicheni hizo, iliyoanza 2015, muamala wa kawaida husomwa na yeyote mwenye intaneti, na haufutiki.

Mitandao yenye faragha ipo. Hutumia uthibitisho wa kihisabati unaoonyesha kwamba hesabu imelingana bila kufichua tarakimu zenyewe. Zcash, blokicheni ya sarafu ya kidijitali, inautumia tangu 2016. Ila kwa biashara changa, mimi ningeanza na kitu chepesi: hati zibaki kwenye kompyuta yako, mtandaoni upeleke heshi tu, yaani mfuatano wa herufi na namba unaozalishwa kutokana na hati: hati ikibadilika nao hubadilika, lakini huwezi kuurudisha ukawa hati.

Hapo niliwahi kuteleza. Nilitengeneza heshi ya bei peke yake, "1500". Kijana wa ofisini akaandika programu fupi ya kutengeneza heshi ya kila namba kuanzia 1 na kuilinganisha na yangu, akaipata bei kabla chai yangu haijapoa! Siku hizi kila rekodi naiongezea kwanza namba ndefu ya nasibu, ya siri.

Majina na simu za wakulima usiyapeleke kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakugusa, kwa hiyo muone wakili kabla ya kusaini. Mnunuzi akitaka kukulipa kwa sarafu za kidijitali, simama kwanza: Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tahadhari juu yake Novemba 2019.